Mayai ya Watu wa Nakuru

Kwetu Mau Narok tuna kuku, ng'ombe, karoti na minji, na tunakunywa chai ya rangi. Ukitaka kujua sababu, muulize mama yangu. Maziwa ni ya kupeleka dairy, kiwandani, mayai ni ya soko, karoti nzuri ni za broka anayekuja kuzinunua. Zilizopasuka ndizo zetu.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni sina hamu ya chochote, nikilala hadi mchana. Mshauri wa kliniki huko Nakuru alinipangia siku za kuonana naye, kisha akanisihi nile vizuri: mboga, maharagwe, matunda, mayai. Chakula peke yake hakingeniponya, alisema, lakini kushinda na chai na mkate kulikuwa kunanimaliza zaidi. Nami nilitaka kitu kimoja tu, kurudi darasani muhula uliofuata.

Nikamweleza mama. Akaitikia vizuri kabisa. Kesho yake akapakia trei za mayai kwenye pikipiki, akaniletea kitandani chai ya rangi na mkate.

"Mathe, na mayai?"

"Hizo ni za watu wa Nakuru."

"Si umeskia yule mshauri wa kliniki alisema nikule mayai?"

"Si utanunua ukienda huko?"

Jamani! Nipande gari hadi mjini nikanunue yai la kuku anayenidonoa miguu hapa uani? Nilichoka naye. Nikaanza kujihudumia. Nilichota maziwa kabla mtungi haujafungwa, nikachagua karoti zilizonyooka, na mayai nikayawahi kabla yake. Alinifokea kila asubuhi, nami nikamfokea. Ila ili umwahi mama kwenye banda la kuku lazima uamke mapema, na siku zilivyopita kuamka kukaacha kuwa vita. Huzuni ilikuwepo bado, lakini niliweza kusimama nayo.

Wiki ya kufungua chuo, begi likiwa tayari, nilichemsha mayai mawili nikamsukumia moja.

"Mimi sina shida," akasema.

"Kula, mathe! Kwani lazima tugombane hata leo?"

Akalimenya polepole, akala lote. Kisha akasema bila kuniangalia, "Hata mimi, tangu tumzike baba yako, asubuhi huwa sitaki kuamka. Nilidhani ni uzee."

Hasira yote ikaniisha. Nikaliangalia begi langu pale mlangoni, nikajiuliza nikiondoka ni nani atamwibia mama mayai yake ampe ale.