Mabeki wa Mama Chelsea

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa Loice Kwamboka ni kwamba hatazami mpira. Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja wa nyasi bandia ulio nyuma ya shule moja kule Al Rayyan, nchini Qatar, watu wote hugeuza shingo kwa pamoja, kushoto kisha kulia, kulingana na mpira unavyokwenda. Shingo ya Loice haigeuki. Husimama kando ya mstari akiwa na fulana ya kijani, kikombe cha karak, chai ya maziwa yenye iliki, kimempoa mkononi, macho ameyakaza kwa mtu ambaye hana mpira wala hauombi, amesimama tu karibu na goli lake akivuta soksi.

"Augustine!" aliita Ijumaa moja. "Huyo nyuma yako ni mgeni wa nani?"

Augustine akageuka, akamwona winga aliyekuwa akimnyemelea, akacheka na kurudi mahali pake. Mpira ulipofika upande ule, ulimkuta akiusubiri.

Loice ni mwenyeji wa Nyamira, lakini katika mtaa wa Najma, Doha, anakoishi, wengi humwita Mama Chelsea, kwa jina la bintiye anayelelewa na dada yake huko nyumbani. Kila mgeni humuuliza kama alimpa mtoto jina la timu ya Uingereza. Hujibu kwamba jina lilichaguliwa na baba wa mtoto, na kwamba yeye angeachiwa, angemwita jina la beki. Karibu wiki nzima hushinda katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kule The Pearl, akipiga pasi mashuka ambayo hajawahi kuyalalia. Ijumaa ni ya Ngome.

Ngome ni timu ya Wakenya na Waganda wa Najma: walinzi, wapishi, madereva, muuguzi mmoja, na Nick, kijana wa kompyuta, ambaye ndiye nahodha. Ligi yao wameianzisha wenyewe. Huanza joto linapopungua na kumalizika joto linaporudi. Mechi huchezwa asubuhi na mapema ili Waislamu wawahi swala na Wakristo wawahi ibada, kwa maana Doha, Ijumaa ndiyo Jumapili yao.

Ligi hiyo ina desturi inayoitwa mgao. Kabla ya msimu kuanza, watu waliofika Doha mwaka huo huchezeshwa mechi moja ya mchanganyiko, kisha hupangwa mstarini, na timu huwachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia ndiyo hutangulia kuchagua. Ngome ilikuwa imezoea kutangulia. Kila mwaka ilitangulia, kila mwaka ilichagua beki, na kila mwaka beki huyo aliwaponyoka mikononi kama sabuni bafuni.

Kulikuwa na mlinzi mmoja mrefu, aliyechaguliwa kwa kuwa kichwa chake kilionekana juu ya vichwa vya wenzake. Kila alipomaliza kugeuka, mshambuliaji alikuwa ameshafunga na anashangilia. Kisha akaja Ronnie, beki wa kulia mwenye mbio. Siku moja Ronnie alifunga goli kwa bahati, timu nzima ikaamua asirudi nyuma tena. Wakamfanya mshambuliaji, na tangu siku hiyo hakufunga hata kwa bahati.

Aliyewauma zaidi ni Dominiko, Mganda mpole, beki wa kushoto ambaye mawinga wa ligi nzima walimwogopa. Usiku alilinda ghala, na kila Ijumaa alitoka lindoni akaja uwanjani moja kwa moja, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpumzisha. Misuli ikaanza kumkaza. Akaomba apumzike, akaambiwa ajikaze kidogo, mechi ya leo ni kubwa. Kila mechi ilikuwa kubwa. Msimu ulipokwisha aliaga kwa heshima, akahamia timu ya Al Rayyan, akabeba kombe nayo.

Hapo ndipo kazi ya kuchagua na kuwatunza mabeki ilipokabidhiwa Loice. Alikuwa amecheza beki wa kati katika timu ya shule ya upili, na kelele zake kando ya uwanja zilikuwa nyingi kiasi kwamba kipa alimsikiliza yeye kuliko kocha. Naye, kwa bidii yote ya mtu aliyekabidhiwa kazi mpya, akafanya kosa lililoyapita yote yaliyotangulia.

Alichagua mabeki wanne kutoka kampuni moja ya ulinzi. Wote walilala chumba kimoja na kula sufuria moja, hata kukohoa walikohoa pamoja. Loice aliona kwamba watu wanaojuana hivyo hawahitaji kufundishwa kuelewana uwanjani, na kwa miezi kadhaa ilionekana amepiga hesabu safi. Krismasi ilifika nyavu za Ngome zikiwa karibu mpya. Mwezi wa Januari kampuni ile ikapata kazi huko Al Khor, mbali na Doha. Asubuhi moja basi likaja kambini, likawabeba wote wanne pamoja na magodoro yao. Ijumaa iliyofuata Ngome ilifungwa saba bila, huku mashabiki wa upande wa pili wakiimba, "Ngome gani haina ukuta?"

Kwenye kikao cha kufunga msimu, Nick alikohoa kwanza.

"Madam, sisi tunakuheshimu. Lakini tukubaliane, mwaka ujao ni wa mwisho. Ukuta ukianguka tena, mimi ndiye nitachagua wachezaji, na nitachagua washambuliaji kumi."

"Na kipa je?" Loice akauliza.

"Kipa tutamhurumia, abaki."

Walicheka, naye akacheka nao. Lakini njiani kurudi Najma moyo ulimuuma. Hapa Doha kitanda chake alichaguliwa, sare alichaguliwa, hata saa za kula alichaguliwa. Mabeki wa Ngome ndio kitu pekee alichokichagua yeye mwenyewe. Hakutaka kukipoteza.

Siku ya mgao uliofuata alifika na utaratibu mpya. Hakuna mabeki wawili watakaotoka kwa mwajiri mmoja. Alipita mbele ya mstari wa wageni akiuliza maswali ambayo hayakuwahi kusikika uwanjani.

"Wewe ndugu yangu, unafanya kazi wapi? Zamu yako hubadilika lini? Likizo utaenda mwezi gani?"

"Madam," mmoja akanong'ona kwa sauti iliyosikika na wote, "hii ni timu ama ofisi ya kazi?"

Alipofika kwa Eugene, kijana mfupi kutoka Kakamega anayeendesha basi la shule, alisimama. Katika mechi ya mchanganyiko Eugene hakufanya jambo lolote la kupigiwa makofi. Ila winga aliyekuwa upande wake alimaliza mechi jezi ikiwa kavu, kwa kuwa mpira haukumfikia.

"Huyu," Loice akasema.

Nick alishika kichwa. "Huyu, Mama Chelsea? Akisimama kwenye ukuta wa frikiki ataonekana kama shimo!"

"Shule zinafunguliwa Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa ni yake yote. Urefu nitautafuta kwa mwingine."

Urefu aliupata kwa Augustine, mpishi wa hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege. Akamweka katikati pamoja na fundi wa viyoyozi, na kulia akamweka muuguzi wa timu. Waajiri wanne, mabeki wanne. Basi lolote likija, litaondoka na mmoja.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuliwaza vizuri. Watu wa waajiri wanne hawapati jioni moja ya kufanya mazoezi pamoja. Huyu akitoka, yule anaingia. Loice alihangaika, kisha akapata njia. Alimtaka kila mmoja ajirekodi kwenye simu akipaza sauti jinsi anavyopaza uwanjani, awatumie wenzake, nao wasikilize wakiwa njiani kwenda kazini.

"Beki hana nafasi ya kugeuka aone nani anamwita," aliwaeleza. "Lazima aijue sauti kama anavyoijua ya mama yake."

Siku ya pili Eugene alimpigia simu. "Madam, umeniingiza matatani. Nimefungua sauti ya Augustine basini, akanguruma 'Toka! Toka!' Msimamizi wa watoto ninayefanya naye kazi, mama mmoja Mfilipino, ameruka mpaka mlangoni na mkoba wake!"

"Basi Augustine amefaulu," Loice akajibu.

Akaongeza na jambo jingine. Kila beki alipata wa kumshikia nafasi, ili asiwepo wa kuombwa acheze akiwa amechoka. Kwa upande wa kulia alimwita Ronnie.

"Ronnie, rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi tena?"

"Nyuma. Ulikuwa beki sisi tukakuharibu. Samahani kwa niaba ya timu."

Ronnie aliinama, akafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. "Mlichelewa tu kusema," akajibu.

Msimu ukaenda. Ngome haikuwa tishio kwa mtu, ila kufungwa ikawa nadra. Walishinda moja bila, wakatoka sare, wakashinda moja bila tena. Nick alilalamika kwamba mechi zao zinaletea watu usingizi, lakini alilalamika akiwa ameshika nafasi ya nne, mahali ambapo Ngome haikuwahi kufika. Nafasi hiyo iliwapeleka nusu fainali, dhidi ya Al Rayyan, timu ya Dominiko.

Asubuhi ya mechi Augustine alishuka kwenye teksi akiwa bado amevaa suruali ya jikoni, yenye mistari. Mwenzake aliugua, naye akashikilia zamu usiku kucha.

"Niko sawa, Madam. Nitacheza."

Loice alimtazama macho. Yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Hutacheza."

"Mama Chelsea!" Nick alikuja mbio. "Hii ni nusu fainali! Mwambie ajikaze kidogo tu, dakika—"

"Maneno hayo tuliwahi kuyasema kwa mtu," Loice akamkatiza. "Yuko pale, amevaa jezi ya Al Rayyan."

Nick alitazama ng'ambo ya uwanja, ambako Dominiko alikuwa akinyoosha miguu taratibu, mzima kabisa. "Tukifungwa, ujue ni wewe," akasema, akaondoka.

"Najua," Loice akajibu, ingawa Nick hakuwa tena karibu wa kumsikia.

Muuguzi alisogea katikati, Ronnie akaingia kulia. Augustine alijilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la Eugene, na kabla filimbi haijapulizwa alikuwa anakoroma. Mwanzoni Ronnie alisahau. Mpira ulipomfikia alipaa nao mbele kama zamani, nyuma yake pakabaki peupe.

"Ronnie! Umeacha mlango wazi!"

Alirudi mbio, akauwahi mpira kwa ncha ya kiatu. Tangu hapo hakuvuka mstari wa kati. Al Rayyan walikuja kwa mawimbi, Eugene akawazuia kushoto bila makeke, muuguzi na fundi wakapokezana katikati, na sauti zao zikasikika uwanja mzima, kila mmoja akiijua ya mwenzake. Kipindi cha pili Nick alipachika kona kwa kichwa. Mwishoni kabisa kipa wa Ngome aliteleza, mpira ukawa unaviringika golini taratibu, watu wote wamesimama, na aliyeufikia kwenye mstari ni Ronnie. Aliupiga hadi juu ya paa la shule. Hakuna aliyeusikia ukitua, kwa maana filimbi ya mwisho ilikuwa imelia na Ngome nzima ilikuwa juu ya Ronnie.

Nick alikwenda mwenyewe kumwamsha Augustine, akampa chupa ya maji baridi, akamwambia, "Buda, tuko fainali."

Dominiko alivuka uwanja, akamshika Loice mkono kwa mikono yake miwili, akamwita kwa heshima ya kwao Uganda.

"Nyabo Loice, yule mpishi wenu. Nimemwona mkimkataza."

"Alitaka sana kucheza."

"Hata mimi nilikuwa nataka." Akatabasamu. "Mngenikataza siku moja tu, leo ningekuwa upande wenu. Hongereni, lakini."

Fainali ni keshokutwa. Wiki hii yote Loice amekuwa akiwapigia simu mabeki wake mmoja mmoja. Eugene hana safari. Muuguzi amebadilishana na mwenzake. Fundi wa viyoyozi yuko huru hadi Jumamosi. Augustine amepewa mapumziko kamili, na ameapa kulala mapema mpaka wenzake chumbani wamcheke. Kesho jioni, kwa mara ya kwanza tangu mgao, wanne wote watasimama mazoezini kwenye mstari mmoja.

Asubuhi ya leo, kwenye chumba cha kufulia, alikuwa akimsimulia hayo Phyllis, Mkenya mwenzake anayekunja taulo meza ya pili. Phyllis haupendi mpira, lakini husikiliza.

"Kwa hiyo wote wako huru Ijumaa?"

"Wote!"

"Na wewe?"

Loice aliacha pasi hewani. Phyllis alinyoosha kidole kwenye ratiba mpya ya zamu iliyobandikwa ukutani. Jina la Kwamboka lilikuwa Ijumaa, zamu ya asubuhi.

"Mungu wangu," Loice akasema.

"Umeuliza zamu za wanaume wa watu wote wa Najma, yako ukaisahau!" Phyllis alicheka hadi taulo zikaanguka. "Haya, Mama Chelsea, usilie. Mimi nitaingia badala yako."

"Phyllis! Nikulipe nini?"

"Unishikie Jumapili. Na huyo Eugene mfupi, akishinda, unipigie simu nisikie mnavyopiga kelele. Nimewasikia kwa maneno mpaka nimewazoea."

Walikwenda pamoja kwa msimamizi, na kabla ya chakula cha mchana jina lilikuwa limebadilishwa. Loice alirudi kwenye meza yake. Chini ya mashuka ya hoteli alikuwa ameficha fulana moja ya kijani, akaitandaza na kuanza kuipiga pasi, mgongo kwanza, kisha mikono, polepole. Simu ikatetema mfukoni. Alikuwa Augustine.

"Madam, nimelala mchana, nimeamka, bado ni Jumatano. Hii Ijumaa inakuja lini?"