Mama Annie alificha jibu la kitendawili, redio ikampa mji

Saa kumi na mbili asubuhi, maharage yanachemka kwenye mbabula, jiko la makaa, na Annie Ngeleka anaandika. Kila akifunua sufuria aonje, ananguruma kwa sauti ya mzee mlevi wa mchezo anaoutunga, kisha anarudi mbio kwenye daftari kabla mlevi hajatoroka.

"Majirani banafikiri niko na bwana mupya humu ndani," anacheka mjane huyo wa miaka sitini na tatu.

Kwa miaka sita bibi huyu wa Dilala, aliyeishia shule ya msingi, ameiandikia redio moja ya mtaa ya Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, michezo ya kuchekesha na vitendawili. Kila mwigizaji alipata faranga elfu kumi kwa mchezo. Yeye na mwandishi mwenzake, Stany Lukusa, walipata asante, na siku ya Noeli kipande cha sabuni.

"Sabuni nilipokea. Lakini mutu akisha kunawa, anakula nini?"

Walipoomba malipo mwaka jana, mkurugenzi, Mpoyi, aliwajibu kwamba kuandika si kazi, ni kipaji cha Mungu.

"Nikamuuliza: Tata Mpoyi, na sauti za waigizaji ni kipaji cha nani?"

Stany alitaka wagome. Mama Annie akakataa. Redio ingepiga muziki na watu wangecheza. Yeye alikuwa na bahasha.

Kila Jumatatu redio husoma kitendawili chake, wasikilizaji hubahatisha wiki nzima, na Ijumaa bahasha yenye jibu hufunguliwa hewani. Jumatatu moja baada ya jibu lile la Mpoyi alitega hiki: "Nimepika, wageni wameshiba, wakaishukuru sahani. Mimi nani?"

Simu zikamiminika. Dereva wa pikipiki za taxi-moto kutoka Manika alisema ni mke mkubwa. Mchimbaji mmoja akapiga kelele: "Ni sisi! Tunachimba, wengine ndo banatajirika!"

Ijumaa mtangazaji, Joyeuse, akafungua bahasha. Karatasi nyeupe, haina hata nukta. Akampigia Mama Annie simu hapo hapo, mji mzima ukisikiliza.

"Jibu niko nalo, mwanangu. Mumeshindwa. Munipe muji."

Ndiyo desturi: aliyeshindwa kitendawili hutoa mji. Joyeuse akampa Mutshatsha.

"Mutshatsha hapana, kule kuko shemeji yangu."

"Basi chukua Kolwezi yote, Mama!"

"Nitaiweka wapi? Tata Mpoyi anajua muji ninaoutaka."

Kuanzia hapo mkurugenzi hakupata raha. Hata kanisani, akina mama wa kwaya walimdai jibu akiwa na sadaka mkononi. Jumatano akafika kwa Mama Annie, Dilala, akapewa kiti na sahani ya maharage.

"Mama, minakupa muji," akasema, akitoa mkataba: elfu kumi kwa kila mchezo, na jina la mwandishi litajwe hewani. Mama Annie aliusoma polepole, akaurudisha. Jina la Stany halikuwamo. Mpoyi aliliongeza, ndipo akala.

Ijumaa hiyo jibu likasomwa: mwandishi wa michezo. Mchimbaji yule yule akapiga simu tena: "Mama, kumbe sisi ni ndugu!"

Mkataba unaisha Desemba. Mama Annie anataka mpya uwe wa elfu kumi na tano, na yeye na Stany hawana wasiwasi.

"Tata Mpoyi ni mutu muzuri, ila anasahau haraka," anasema, akipapasa fundo la kitenge chake. "Kitendawili cha Desemba nilishamupa. Jibu liko hapa."