Kasuku Aliyeniuliza Nani

Kwa muda mrefu baada ya kuolewa, kila nilipoingia nyumbani kwa mume wangu, kule Korogwe ya zamani karibu na mto, niliulizwa, "Nani?"

Aliyeuliza alikuwa kasuku. Aliuliza kwa sauti ya mama mkwe wangu, ile ile yenye mkwaruzo, na mimi hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Nilitamani kumrushia mtungi, maji na yote.

Mama mkwe alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili kabla mimi sijafika, na yule ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu ndiye aliyekuwa macho yake. Kizimba chake kilining'inia mlangoni. Mume wangu akiingia, kasuku alipiga mluzi, maana mume wangu hakuweza kutembea bila mluzi. Jirani yetu, mama wa Kishambaa aliyeteremka kutoka milimani na mumewe mwuza ndizi, akiingia yeye kasuku alikohoa kikohozi chake. Mbuzi wakirudi, alilia kengele. Mtu asiyemjua alimuuliza, "Nani?" Hivyo mama mkwe, akiwa amekaa kwenye mkeka wake, alijua nyumba nzima, aliyeingia na aliyetoka. Wapita njia walikuwa wakibisha kwamba haoni.

Baba mkwe, ambaye sikumkuta, ndiye aliyemleta ndege huyo. Alikuwa mpagazi wa misafara ya Manyema kabla Wadachi hawajatandika reli yao, akarudi na mizigo ya watu kichwani na kasuku wake begani. Alipofariki, mkewe alibaki na ndege. Ukimgusa kasuku umegusa macho ya mama.

Na mimi huyo kasuku alinikataa. Nilimpa maji, nilimmenyea karanga, nilimsafishia uchafu wake. Nikitoka na kurudi, "Nani?" Mama mkwe naye alikuwa akicheka. "Bado hajakujua, mtoto wa watu," alikuwa akisema. Aliniita hivyo kila siku, mtoto wa watu, bila ubaya, lakini ilinichoma. Nilikuwa nimetoka mbali, Misima, na kwetu hakuna aliyekuwa akiniuliza mimi ni nani.

Kisha wakaja kunguni. Mume wangu alikuwa Makuyuni na genge la reli, akilala na wenzake kwenye vibanda, na siku aliyokuja kututazama alituletea sukari, kitambaa, na kunguni kwenye mkeka wake. Aliporudi kazini wao walibaki. Waliingia katika kamba za vitanda na nyufa za ukuta, na mama mkwe, ambaye hakuweza hata kuwaona awaue, aliamka kila asubuhi amevimba mikono.

Dawa yake ilijulikana: kiberiti upele, ule unga wa manjano, kutoka duka la Mhindi karibu na stesheni. Unafunga nyumba, unaziba nyufa kwa matambara, unaumwaga juu ya makaa katika kigae, unatoka mbio. Moshi wake haukohozi tu, unakata. Macho yanatiririka na koo linawaka.

Niliuogopa. Baba yangu kule Misima alikuwa mrina asali, na nilikua nikimtazama akipuliza moshi mzingani. Ukipuliza kidogo nyuki wanapoa. Ukizidisha wanadondoka chini kama pumba. Chenye pumzi ndogo hakihimili moshi mwingi, hilo nililijua kwa kuona. Kwa hiyo kabla ya kuwasha nilitoa kuku na vifaranga, nikatoa chakula na mitungi ya maji, na kasuku nikampeleka mbali kabisa, uani kwa jirani Mshambaa, upande unakotoka upepo.

Tulipofungua nyumba alasiri, kunguni walikuwa wamelala sakafuni wakavu. Lakini harufu ilikuwa bado imeng'ang'ania kuta.

"Mama," nilimwambia, "kasuku abaki huko mpaka nyumba ipoe."

"Na mimi nitakaa gizani?"

"Kesho tu, mama. Ukuta bado unanuka."

Aliuvuta mkeka wake akajilaza. Nikadhani amekubali, kumbe nilikuwa simjui. Asubuhi yake, nilipokuwa mtoni, alipapasa ukuta hadi kwa jirani, akakidai kizimba, akarudi nacho kifuani. Hakukitundika mlangoni palipo na hewa. Alikiingiza chumbani kwake, kile kilichoshiba moshi kuliko vyote, akafunga dirisha ndege asipigwe na baridi.

Mimi nilirudi na mtungi kichwani. Nilivuka kizingiti nikisubiri kuulizwa, nimeshakunja uso. Sikuulizwa.

Nikasimama. Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba nilisikia maji yakicheza mtungini. Halafu nikasikia mlango wa mama mkwe umefungwa, na nyuma yake sauti yake ikinong'ona, ikibembeleza. Nikanusa ubani. Nikanusa na majani ya kivumbasha yakiungua, nikaelewa anachofanya.

Anafukiza. Kwetu sote mtu akiugua kifua hufukizwa. Huwekewa makaa na majani, hufunikwa nguo, avute moshi mpaka ugonjwa umtoke. Mimi mwenyewe nilifukizwa nikapona, na mama mkwe alikuwa amewafukiza watoto wa mji mzima. Ndege alikuwa ameugua kwa moshi, naye alikuwa akimtibu kwa moshi, kwa mapenzi yake yote.

"Mama," niliita mlangoni. "Kasuku ana nini?"

"Kapigwa na upepo wa huko ulikompeleka. Anahema mdomo wazi. Niache nimtibu."

"Mama, mtoe nje. Ni moshi huo."

"Mtoto wa watu, utanifundisha kufukiza?"

Mkamwana haingii chumba cha mama mkwe bila kuitwa. Mkamwana hapazi sauti. Nililelewa hivyo, na miguu yangu iligoma kabisa pale mlangoni. Nilimsikia ndege. Alitoa mlio mdogo wa kukwama, kama bawaba kavu, kisha akanyamaza. Niliwaza kwamba akifa, huyu mama atakaa kwenye mkeka wake asijue nani kaingia hadi naye afe, na atasema mimi ndiye niliyemtoa macho. Niliogopa, nasema kweli, na hofu ikageuka hasira.

Nikasukuma mlango. Chumba kilikuwa cheupe kwa moshi. Katikati palikuwa na kilima cha kaniki nyeusi, mama mkwe na kizimba ndani yake pamoja, na moshi ukipenya pindoni.

"Toa moto, mama! Toa moto! Toa moto!"

Nilipiga yowe ambalo sijawahi kulipiga tena maishani. Niliivuta kaniki, nikamwaga mtungi wote juu ya makaa, nikanyakua kizimba nikakimbilia uani. Nyuma yangu mama mkwe alikuwa akikohoa na kunilaani.

Kasuku alikuwa amelala chini ya kizimba, manyoya yamesimama, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Niliketi kivulini upande wa upepo, nikamdondoshea maji kwa ncha ya kidole. Jirani alimwongoza mama mkwe hadi nilipokuwa. Akakaa chini.

"Niambie kama amekufa," alisema.

"Anahema, mama."

"Usinidanganye."

Nikauchukua mkono wake nikaupitisha kizimbani, nikauweka juu ya kile kifua kidogo. Tulikaa hivyo hadi jua lilipogeuka, yeye akihesabu pumzi kwa kiganja, mimi nikimwangalia usoni. Hakunilaani tena, wala hakunishukuru.

Ndege hakufa. Alianza kula, akapanda kijiti chake, akajikuna. Lakini alikuwa bubu. Mume wangu alikuja, hakuna mluzi. Mbuzi walirudi, hakuna kengele. Mama mkwe alianza kuuliza kwa kinywa chake mwenyewe, "Nani? Nani?", hata kuku akipita, na alipokosa jibu alitoa mikono mbele kana kwamba anazuia kitu. Sikuweza kumtazama. Nilijifunza kusema "Ni mimi, mama" nikiwa bado njiani, na aliitikia "Haya" na si zaidi. Chumbani kwake sikuingia, na lile yowe hakuna aliyelitaja.

Siku moja nilitoka mtoni nimechoka, nimesahau kujitaja. Nilivuka kizingiti.

"Toa moto!"

Nusura niangushe mtungi. Ilikuwa sauti yangu, yowe langu lenyewe, na kasuku alikuwa ameinamisha kichwa akinitazama kwa jicho moja.

"Toa moto, mama! Toa moto!"

Mama mkwe hakuuliza nani. Mikono yake, iliyokuwa imeshaanza kunyooka mbele, ilishuka mapajani. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Tua mtungi, mwanangu," alisema. "Njoo ukae."