Kaseti ya Gemu Milioni Tisa

Juzi kwenye kaunta ya forodha Busia, mbele yangu alisimama mama aliyetoka Uganda na kaseti ya manjano ya gemu za zamani za TV. Afisa akasoma kibandiko.

"Gemu milioni tisa? Mama, hii ni mali ya biashara. Itabaki hapa."

"Boss, ni zawadi nampelekea kakangu, tulicheza hii tukiwa wadogo. Na ziko saba tu! Zingine ni hizo hizo, wamebadilisha jina na rangi."

Afisa akapuliza meno ya shaba ya kaseti, fuu! Mafundi hukataza, eti mate huleta kutu, lakini utotoni nani hakupuliza ili gemu iwake?

"Najua, dada," akasema akimrudishia. "Nilimaliza likizo nzima nikitafuta gemu ya nane."

Zamu yangu ilipofika, mzee mzima mimi, badala ya kutoa pasipoti nikamuuliza kama aliipata.