Bibi Mwanamwali wa Muckleford

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wanaosali Kilatini na wanaosali Kiingereza, kwamba Avis Tuckwell, mwoka mikate wa Muckleford, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, mama wa binti aliyeolewa na bibi wa mjukuu mwenye meno mawili, ni mwanamwali. Ndivyo ilivyoamua sheria ya Uingereza, na sheria haikosei. Inabadilika tu.

Avis alikuwa mpishi wa Padri Gervase tangu wote wakiwa vijana, na katika upishi huo akapatikana Tibb. Akaja mfalme mtoto, akasema makasisi na waoe. Gervase akamwoa mpishi wake, kijiji kikala, kikanywa, kikasema afadhali. Mfalme mtoto akafa. Akashika kiti dada yake mkubwa, mpenzi wa Papa, akasema ndoa za makasisi si ndoa, wala hazijapata kuwa ndoa. Gervase akasimamishwa kanisani amejitanda shuka jeupe, mshumaa mkononi, akatubu dhambi ya kuwa na mke. Avis akahamia ng'ambo ya njia, kwenye tanuri lake, akiwa mtu ambaye hajaolewa kamwe.

Hilo la kuhama angelivumilia. Tabu ilikuwa kanisani. Kwetu watu hawakai ovyo: wanaume upande wao, wanawake upande wao, wake mbele, wanawali nyuma, pale mlangoni baridi inapoingia bila kubisha hodi. Ikabidi Avis abanane na wasichana wa miaka kumi na mitano, wanaofinyana mapaja na kucheka kila kasisi akitaja Mariamu kupata mimba.

"Dada Avis," walimchokoza, "na wewe umpendaye ni nani?"

"Nilikuwa naye mmoja. Serikali imemchukua."

Tibb alipoolewa akapanda benchi la mbele, la wake. Mwanawe akilia wakati wa mahubiri, alimpitisha nyuma juu ya vichwa vya watu: "Hebu mpeni yule mwanamwali, ndiye bibi yake." Watu walijiuma midomo mpaka damu. Avis akajiapia kwamba kabla hajafa atakaa tena kwenye lile benchi, hata kama ni kwa kubebwa.

Malkia naye akafa, ikaja zamu ya mdogo wake. Msichana wa watu, miaka ishirini na mitano, karithi nyumba iliyopasuka katikati. Akiwasha mishumaa, hawa wanalia. Akiizima, wanalia wale. Makasisi kuoa akakubali, lakini kwa shingo upande: kwanza mwanamke achunguzwe na mahakimu wawili, waseme kama ana kiasi. Mwenyewe hajaolewa, na anayemuuliza ataolewa lini anaonyeshwa mlango.

Mahakimu wa kwetu walikuwa Bwana Ambrose Wyndle, ambaye rozari yake ilihamia chini ya shati lakini haikuhama shingoni, na Bwana Zachary Thrupp, aliyerudi kutoka uhamishoni Uswisi akiwa anakula nyama kila Ijumaa namna wengine wanavyofunga: kwa uchungu na hadharani. Wyndle alimwita Gervase "Padri", Thrupp alimwita "Mchungaji", na Gervase akawaitikia wote wawili kama mbwa wa nyumba mbili. Mabwana hao waligombea siku ya kuja kumchunguza Avis. Kila siku aliyotaka huyu, yule aliikataa, mpaka ikabaki Ijumaa, siku ambayo watu wa Papa hawagusi nyama.

"Tumekwisha," alisema Gervase, kajikunyata jikoni kwa Avis. "Wyndle akiona nyama Ijumaa, huna ndoa. Thrupp akiona samaki, atasema tumerudi kwa Papa, huna ndoa. Utampikia nani?"

"Wote."

"Pai mbili?"

"Moja. Nikipika mbili watagombana ipi iliyotangulia mezani."

Akaoka pai ya mviringo, pana kama gurudumu la toroli. Nusu mkunga, yule samaki mrefu wa mtoni, nusu kondoo, katikati ukuta wa kinyunya. Juu ya upande wa mkunga akabandika kasamaki ka unga, asije akasahau. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hawakumjua Avis.

Wala hawakumjua Gervase. Farasi wakasikika nje, Avis akatoka kuwapokea wageni, kasisi akabaki na pai. Masikini, wiki nzima alikuwa juu ya ngazi akikwangua picha za watakatifu ukutani kwa amri ya wakubwa, na mkono ulikwishazoea. Alipoona kasamaki, moyo ukamruka. Sanamu! Akachukua kisu, akakwangua.

Avis akarudi. "Samaki wangu yuko wapi?"

"Nimekuokoa, mke wangu... yaani, mpishi wangu. Thrupp angeiona sanamu ile..."

"Alikuwa upande gani?"

"Kushoto." Akaficha kisu nyuma ya mgongo. "Ila niliizungusha nikitafuta kisu."

Avis akaitazama pai. Ilikuwa mviringo safi, haina kushoto wala kulia. Akasali, kidogo Kilatini, kidogo Kiingereza, akaipeleka mezani.

"Nasema mapema," alitangaza Wyndle kabla hajakaa vizuri, "mke wa padri ni sawa na kofia ya samaki. Simpitishi."

"Na mimi nasema mapema," alisema Thrupp, "miaka yote ile mwanamke huyu alipiga magoti misani. Simpitishi."

Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwao walikuwa wamekubaliana. Avis akaliona lile benchi likimpungia mkono wa kwaheri. Akakata pai kwa kubahatisha, akawapa.

Walikula kwa njaa ya watu waliopanda farasi tangu asubuhi. Nusu sahani ilikuwa imekwisha Wyndle alipoacha kutafuna. Macho yakamtoka. Upande wa pili, Thrupp alivuta kitu kirefu katikati ya meno: uti wa mkunga. Akaufutika ndani ya mkono wa joho. Kila mmoja akachungulia sahani ya mwenzake. Gervase akajificha nyuma ya mtungi wa bia.

"Kuna nini, mabwana?" aliuliza Avis.

"Samaki mzuri," alisema Wyndle, mafuta ya kondoo yanamng'aa ndevuni.

"Kondoo... laini sana," alisema Thrupp.

"Niwaongeze?"

"Hapana!" kwa pamoja. Kisha Thrupp akaitupia pai jicho. "Labda kidogo. Upande ule ule."

Avis akamwongeza, akafuta kisu polepole. "Sasa, mabwana zangu, mimi naoka mikate. Kesho wanawake wote watajaa dirishani kwangu kuuliza mahakimu walikula nini. Nijibu nini?"

"Sema tulishiba," alisema Wyndle upesi.

"Na wakiuliza mlisema nini juu yangu?"

Mahakimu wakatazamana.

"Mwanamke mwenye kiasi," alisema Wyndle.

"Na mdomo wake?" Thrupp akauliza. "Nao una kiasi?"

"Mdomo wa mke wa kasisi, bwana, hufungwa. Wa mwanamwali ndio haushikiki."

Jumapili Gervase alipanda mimbarini, akakohoa, akatangaza: kwa neema ya Mungu, kwa hekima ya Malkia wetu anayepatanisha ndugu waliofarakana, na kwa ushuhuda wa mahakimu wawili walioketi meza moja na kuwa na roho moja, Avis Tuckwell ni mke halali, na apite mbele. Wazee walilia. Benchi la wanawali lililia zaidi, maana lilikuwa linampoteza mtu pekee aliyekuwa akijua majibu. Avis akainuka, akakung'uta sketi, akaipita ile njia ya katikati bila kugeuza shingo, akaketi karibu na binti yake.

"Mama!" Tibb alimnong'oneza, machozi yanamlengalenga. "Hatimaye! Unajisikiaje?"

Avis akajigeuza kidogo upande huu, kidogo upande ule.

"Ubao ule ule," akasema. "Sogea."