Filamu Aliyoikataza Mzee wa Kanisa

Wiki jana nilikuwa Keroka, katika duka la kuwekewa filamu kwenye flashi. Mzee mmoja wa kanisa, kofia mkononi, aliulizia filamu fulani ya zamani isiyo na rangi, iliyowahi kuonyeshwa sokoni kwenye shuka nyeupe.

"Nikuwekee ile DJ anatafsiri?" muuzaji akauliza.

"Hapana. Mama watoto wangu anataka ile ile aliona akiwa msichana." Kisha akainamisha kichwa. "Nilimtoa kwaya juu ya hiyo filamu. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema ni uchafu."

"Kwani iko na nini, mzee?"

"Sijui. Sikuiona."

Muuzaji akamgeuzia skrini. Mzee alikataa kiti, akaitazama amesimama hadi mwisho, kisha akapangusa macho kwa kofia.

"Ni hii tu?" akasema. "Mwanamke anangoja bwana yake arudi?"

Sikumcheka. Kazi yangu ni kuhukumu filamu, na hiyo niliiponda hapa hapa katika safu yangu ya gazeti baada ya kuitazama nusu saa tu. Nilingoja mzee atoke, ndipo nikampa muuzaji flashi yangu.