Kigingi cha Lori la Baba

Juzi mwanangu alinipeleka Ushongo kumwona dada yangu. Tulipofika Pangani, kwenye mteremko wa kushukia pantoni, akavuta breki ya mkono kwa vidole viwili, kra, gari likatulia tuli, naye huyo akaendelea na maongezi yake ya simu. Mwenzangu, roho iliniuma! Maana katika mteremko ule ule, miaka ya hamsini, breki ya mkono ndiyo iliyoninyima baba.

Sikiliza. Baba alikuwa na lori kuukuu la kuchukulia nazi ng'ambo ya mto na kuzileta Tanga mjini. Breki yake ya mkono ilikuwa jina tu. Unaivuta mpaka juu, inalia kra kra kra, na gari linakwenda zake. Kwa hiyo kila safari ilibidi awepo mtu wa kuruka chini na kutia kigingi kwenye gurudumu, kipande cha mti wa mkoko kilichochongwa upande mmoja. Utingo wa kuajiri baba hakumtaka, alisema watu hao humaliza madafu njiani. Akamchukua dada.

Dada huyo hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake aliachwa kabla mama yangu hajaolewa, na dada alilala kwa bibi yake mzaa mama, mtaa wa pili, hapo hapo Chumbageni tulikokaa, Tanga mjini. Alfajiri utamkuta kakaa barazani kwetu, kanga kaifunga kibwebwe, kigingi kakipakata kama mtoto mchanga. Mimi nimeshika ufagio, yeye anapanda mbele na baba! Jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, ananuka mbata, na mkononi ana vitumbua vya Pangani vinavyonukia iliki. Mama alikuwa akisonya tu. "Mtoto wa kike, utingo!" Bibi mzaa baba, akiniona nimevimba, hunambia, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Nami nikisema moyoni, basi na afe na vitumbua vyake.

Nilimwomba Mungu kila swala breki ile ipone. Ikipona, kigingi cha nini? Na kama kigingi hakitakiwi, yeye anatakiwa wa nini?

Kwanza mambo yalizidi kuharibika. Siku moja baba aliingia uvunguni mwenyewe, akakaza waya wa breki kwa nguvu zake zote. Walipofika Tongoni lori likawa zito, magurudumu ya nyuma yanafuka moshi, harufu ya kuungua imejaa barabara nzima. Wakarudi mdogo mdogo. Alasiri akaja jirani yetu, fundi wa magari, na jeki yake. Mimi nikachuchumaa karibu, maana shughuli ile ilinihusu kuliko walivyodhani. Fundi akatia kigingi kwenye gurudumu la mbele, akainua nyuma, akashusha mkono wa breki chini kabisa.

"Umelikaba roho," akamwambia baba.

Akalegeza nati ya waya, akazungusha gurudumu kwa mkono, akakaza kidogo, akazungusha tena, akatega sikio, mpaka likawa linazunguka bila kukwaruza. Ndipo akauvuta mkono wa breki. Kra, kra, basi, na gurudumu likagoma. Akalishusha lori, akaondoa kigingi, tukalisukuma sote, na dada naye, lisitikisike. Jioni ile nilikula wali wangu na ukoko wa sufuria, mama akashangaa.

Kulipokucha nilioga mapema, nikajipaka mafuta ya nazi, nikavaa gauni la Idi. Dada akaja kama kawaida yake. Baba akamwondolea kigingi mapajani, akakitupia chini ya kiti cha lori.

"Panda, twende," akamwambia.

Nikapiga kelele. "Baba! Breki si inashika?"

"Inashika, mwanangu," akasema. "Alhamdulillahi."

Akatia moto, wakaenda zao. Kumbe kigingi hakikuwa sababu! Nikabaki barazani na gauni langu la Idi, mama ananiita nikafagie.

Leo lori lile halipo, liliuzwa chuma chakavu. Fundi hayupo. Minazi ya ng'ambo mingi imekatwa, na vitumbua vya siku hizi havina hata harufu ya iliki. Baba tulimzika, mimi na dada tukilia kila mtu pembe yake. Sasa juzi nafika kwake Ushongo, napiga hodi, mlango uko wazi, na kilichouzuia upepo usiufunge ni nini? Kigingi kile kile!

"Shikamoo dada," nikasema, macho yangu yako chini mlangoni.

"Marahaba. Umekiona, eeh?"

Tukakaa tunakula mihogo ya nazi. Nikashindwa kuvumilia. "Wewe mwanamke uliniibia baba."

Akacheka mpaka akapaliwa. "Nikuibie nini? Wewe ulilala naye nyumba moja. Mimi nilimpata njiani tu, tena macho yake yako barabarani." Kisha akanisogelea, sauti kaishusha kama msichana. "Hebu nambie. Baba alikuwa anakoroma?"

Toba! Uzee wote ule, na jambo hilo bado analo rohoni. Mkoromo wa baba naukumbuka hadi leo, na maneno aliyokuwa akiyasema usingizini nayakumbuka.

"Nipe kigingi," nikamwambia, "nikusimulie."

Akakitazama pale mlangoni, akanitazama mimi. Hakunipa. Nami sikumwambia.